Gari Limelala, Nani Amekesha?

Gari limeegeshwa tangu Jumapili. Alhamisi unaingiza ufunguo, unazungusha, taa za dashibodi zinafifia na chini ya boneti kunasikika ta-ta-ta-ta. Unamwita jirani mwenye waya za jampa, gari linawaka, unafika mjini, na mtu wa kwanza unayemsimulia anakwambia, "Hiyo betri imekwisha, nunua nyingine." Unanunua. Haupiti muda, ta-ta-ta-ta imerudi.

Mimi ni fundi wa umeme wa magari. Gereji yetu iko Kisumu, kando ya barabara ya Kakamega, kati ya Kondele na Mamboleo, na wateja hutufikia kutoka Ahero, Bondo, Luanda na Mbale. Katika kazi zote ninazoletewa, hii ndiyo inayoniuma zaidi, kwa sababu inawamaliza watu pesa bure. Betri nyingi ninazoletewa zikiitwa mbovu hazikufa kifo chao. Zimenyonywa usiku, gari likiwa limefungwa, na kitu ambacho hakikulala. Nikikitafuta kitu hicho, mara nyingi nakikuta si cha Toyota, wala cha Nissan, wala cha Mazda. Ni kitu tulichokiweka sisi wenyewe hapa Kenya baada ya gari kushuka melini Mombasa.

Tuanze na betri yenyewe, maana lazima isafishwe jina kabla hatujaligeukia gari. Ndani yake mna vyumba sita vya risasi na asidi ya salfuriki, na kila chumba hutoa takriban volti 2.1. Ikijaa na kutulia, multimita, yaani mita ya kupimia umeme, husoma 12.6 au 12.7. Ikisoma 12.4, imebaki robo tatu. 12.2 ni nusu, 12.0 ni kama robo, na ikishuka chini ya 11.8 hesabu kuwa imekauka. Tazama nambari hizo zilivyobanana: kutoka kujaa hadi kukauka hata volti moja nzima haifiki. Ndiyo maana mtu huona 12.0 kwenye mita akasema iko sawa, si betri ni ya volti 12? Haiko sawa. Imebakiwa na robo tu, na asubuhi ya baridi kule Kaptembwo au Kiamunyi, Nakuru, robo hiyo haizungushi injini.

Usipime punde tu baada ya kuzima gari. Sahani za betri hubaki na chaji ya juujuu ambayo huidanganya mita. Iache saa chache, au uwashe taa kubwa dakika moja hivi, uzime, usubiri kidogo, ndipo upime. Kisha mtu mwingine akuwashie gari huku macho yako yakiwa kwenye mita. Stata inapozunguka, volti zikishuka chini ya 9.6, betri haina nguvu hata kama mwanzoni ilikuonyesha 12.6. Injini ikishawaka, mita ipande hadi kati ya 13.8 na 14.4 au zaidi kidogo. Isipopanda, shida yako ni alteneta, kile kinachoichaji betri injini ikizunguka, au mkanda wake, na hiyo ni habari nyingine.

Wateja wa mbali huwa nawapa kipimo kisichohitaji fundi wala safari. Chaji betri ijae. Legeza nati ya waya wa hasi kwa spana namba 10, utoe waya na uusogeze mbali na kichwa cha betri, uache gari hivyo siku mbili tatu. Andika volti ulizoziacha. Ukirudi ukute 12.6 imekuwa 12.1 ilhali waya ulikuwa nje, betri inajila yenyewe, na hapo nenda dukani bila wasiwasi. Betri nzima ikikaa peke yake hupoteza asilimia chache tu kwa mwezi. Ukikuta bado 12.6, lakini waya ukiwa umefungwa betri hufa katika siku hizo hizo, basi umeme unaenda garini, na betri mpya itaenda njia ile ile.

Sasa, hakuna gari la siku hizi linalolala fofofo. Saa inatembea, kompyuta ya injini inatunza kumbukumbu, kipokezi cha rimoti kinasikiliza usiku kucha kama utabonyeza. Peugeot 504 zilizokuwa zikibeba abiria katika barabara hizi za magharibi hazikuwa na mengi ya kukesha zaidi ya saa, kama ilikuwa inafanya kazi. Gari la leo lenye afya hunywa kati ya ampea 0.02 na 0.05 likiwa limelala. Piga hesabu ya 0.05: kwa saa 24 ni ampea-saa 1.2. Betri ya ampea-saa 45 ingekauka baada ya siku 37 hivi, na stata ingeanza kulalamika mapema zaidi, kama wiki tatu. Kwa hiyo gari likiachwa mwezi mzima likakataa kuwaka, si lazima liwe na ugonjwa. Linalokataa baada ya siku nne ndilo mgonjwa.

Nimesema tunayaongezea magari haya vitu. Chukua redio. Japani FM huanzia megahezi 76, na redio nyingi za magari yao huishia 90. Kwetu stesheni ziko kati ya 87.5 na 108. Gari likifika, redio yake hushika stesheni chache za mwanzo na kunyamaza, basi mwenye gari anaenda kuwekewa kifaa cha kuongeza masafa, au redio mpya yenye kioo kikubwa cha Android. Baada ya hapo inakuja alamu. Mkopeshaji au bima inataka traka. Kijana anaomba amplifaya ya besi, mama anataka kamera ya mbele baada ya kugongwa Kondele na bodaboda iliyokimbia. Kila kifaa kinafungwa na mtu tofauti, kila mmoja akitafuta waya wenye umeme ulio karibu na mkono wake, na hakuna anayejua mwenzake alifunga nini. Wahandisi walilipima gari hilo likiwa limelala kabla halijatoka kiwandani. Baada ya sisi kulikata waya, hakuna anayelipima tena.

(Kile kisanduku cha ETC kinachosema Kijapani kila unapowasha gari, ambacho kwao ni cha kulipia barabara kuu, watu hukishuku sana. Magari niliyoyapima, kimekuwa kikizimika na ufunguo. Kinaudhi, lakini hakili betri.)

Aliyenisukuma niandike haya ni mwalimu mmoja mstaafu wa Luanda, kaunti ya Vihiga. Ana Toyota Fielder. Jumapili huendesha kwenda kanisani, kwa Wafriends, mwendo wa dakika kumi. Siku nyingine gari hukaa chini ya mparachichi. Alikuwa amenunua betri mbili katika mwaka mmoja na nusu, na ya pili ilikuwa imeanza tabia ya ya kwanza. Tofauti na wateja wengi, alikuja na daftari. Kwa mwandiko wa ubaoni alikuwa ameandika: Jumapili limewaka vizuri. Jumatano limewaka kwa shida. Ijumaa limekataa.

"Mwalimu, hili daftari limenifanyia nusu ya kazi," nikamwambia.

"Mtoto akiugua, unamwambia daktari homa ilianza lini," akajibu.

Nikamuuliza kama gari liliwahi kumzimikia barabarani au taa ya betri kuwaka. "Halijawahi, kijana wangu. Likishawaka linafika hata Busia." Nilipima nikiwa nimeliwasha, nikapata 14.2. Alteneta inachaji. Betri nilikuwa nimeichaji usiku na kuiacha peke yake, na asubuhi ilisoma 12.6. Kwa hiyo betri ni nzima na alteneta ni nzima. Limebaki gari likiwa limelala.

Hapa ndipo kazi inapoharibikia kwenye gereji nyingi, na si kwa kukosa ujuzi. Ni haraka. Fundi anatoa waya wa hasi, anaweka mita katikati, anaona ampea 2, anapiga kelele kwamba gari lina shoti, anaanza kung'oa fyuzi moja baada ya nyingine. Lakini gari limeamka pale pale alipofungua mlango na kugusa waya. Kompyuta zote zinaulizana kuna nini. Magari mengi yanahitaji dakika 20 au 30 kulala tena, mengine saa nzima. Ukipima kabla ya hapo unapima gari lililo macho, na kila unapong'oa fyuzi na kuirudisha unaliamsha upya.

Kwa hiyo tulijipanga. Nilishusha kioo cha dereva, nikafungua mlango, nikalifunga komeo la kufuli yake kwa bisibisi ili gari liamini mlango umefungwa huku mimi ninaweza kulifikia sanduku la fyuzi. Komeo la boneti vivyo hivyo, maana lina swichi ya alamu. Ufunguo nikampa Mwalimu akae nao kivulini, mbali. Waya mwekundu wa multimita nikauhamishia kwenye tundu la ampea 10. Ukiusahau kwenye tundu hilo la ampea halafu ukaenda kupima volti za betri, umeisababishia betri shoti. Kisha ncha moja ya mita nikaigusisha kwenye kichwa cha hasi cha betri, nyingine kwenye kibano cha waya, na ndipo nikakivuta kibano taratibu kikatoka huku mita imeshikilia njia. Umeme haukukatika hata kidogo. Katika hali hiyo mtu asithubutu kuwasha injini wala taa kubwa: stata huvuta zaidi ya ampea mia, na fyuzi ya ndani ya mita inaungua papo hapo.

Mita ilianza na 2.1. Relei, zile swichi zinazoendeshwa na umeme, zikalia ndani ya dashibodi, ikashuka 0.9. Nikavuta kigoda.

"Fundi, mbona umekaa?"

"Tunangoja gari lilale, Mwalimu."

Ikashuka 0.4. Baada ya dakika 40 ilikuwa imekaa 0.31 na haikutikisika tena. Hiyo ndiyo nambari tuliyokuwa tukiitafuta. 0.31 kwa saa 24 ni ampea-saa 7.4. Mwalimu akachukua kalamu akapiga hesabu mwenyewe: Jumapili hadi Jumatano ni siku tatu, ampea-saa 22, nusu ya betri yake ya 45. Limewaka kwa shida. Hadi Ijumaa ni 37. Limekataa. Kila mstari wa daftari lake ulikuwa pale. Na zile dakika kumi za kwenda kanisani na kumi za kurudi hazikuwa zikirudisha kilichoibwa wiki nzima, kwa hiyo kila Jumapili alikuwa akianza na betri isiyojaa.

Kutafuta njia ya umeme huo sitoi fyuzi. Kila fyuzi ya kisasa ina vijitundu viwili mgongoni ambamo chuma chake kimeachwa wazi. Unaweka mita kwenye milivolti na kugusa vijitundu hivyo. Fyuzi isiyopitisha kitu husoma sifuri. Inayopitisha umeme huonyesha milivolti kidogo, kwa sababu chuma chembamba cha fyuzi kina upinzani wake. Unazipitia zote sandukuni bila kuliamsha gari. Sifuri, sifuri, sifuri, halafu kwenye fyuzi iliyoandikwa DOME ikaja 1.6. Fyuzi hiyo hulisha taa ya ndani na, katika gari hilo, kumbukumbu ya redio.

Taa ya ndani ilikuwa imezimika. Redio nayo ilikuwa na kioo cheusi kabisa, hakuna ambaye angeishuku. Nilipoifungua na kuingiza kiganja nyuma yake, kulikuwa na joto. Ufunguo ulikuwa nje tangu saa tatu asubuhi na sasa ilikaribia saa tano.

Redio hizi za kuongezwa huwa na waya wa njano na mwekundu. Wa njano unataka umeme wa wakati wote, wa kutunza stesheni na saa. Mwekundu unataka umeme unaokuja na ufunguo, na ndio unaoiambia redio iamke au ilale. Katika gari la Mwalimu ile miwili ilikuwa imesokotwa pamoja na kufungwa utepe mweusi juu ya waya mmoja wa umeme wa kudumu. Redio haikuwahi kuambiwa ilale. Mtu akibonyeza kitufe, kioo kinazimika, lakini kompyuta iliyo ndani inaendelea kufanya kazi usiku kucha.

Mwalimu aliutazama ule utepe kwa muda. Akasema kitindamimba wake ndiye aliyeomba redio ifungwe hivyo, apate muziki wakati wa kuosha gari bila kuomba ufunguo. Aliyeifunga alifanya alichoombwa. Sina ugomvi naye, ila ningependa kila fundi wa redio amweleze mteja gharama ya ombi kama hilo kabla hajalitimiza.

Nilitenganisha waya, mwekundu nikautafutia njia ya ufunguo kwa taa ya kupimia, nikafunga viungo vizuri, nikafunga milango tena kwa bisibisi, tukangoja tena. Mita ikatulia kwenye 0.09.

Wengi wangemkabidhi Mwalimu gari lake hapo. Lingewaka kila Jumapili, na angeondoka akishukuru. Lakini 0.09 ni karibu mara mbili ya kiwango cha juu cha gari lenye afya. Ni ampea-saa 2 na kidogo kwa siku. Mwalimu akienda Nairobi kwa mwanawe wiki mbili, angelikuta gari limekufa, na angeamini kwamba nilimdanganya. Nikarudia fyuzi zote kwa milivolti. Zote sifuri.

Hii ni sehemu ambayo haijulikani sana, na imewachanganya mafundi wazuri. Fyuzi kubwa ina chuma kinene, na chuma kinene kina upinzani mdogo mno, kwa hiyo ampea 0.09 ikipita humo milivolti zake ni chache kiasi kwamba mita ya kawaida haizioni. Sifuri kwenye fyuzi ndogo ina maana ya sifuri. Kwenye fyuzi kubwa inaweza kuwa umeme mdogo uliojificha. Kwa hizo kubwa, na kwa hizo tu, nilianza kuzitoa moja moja huku naitazama mita. Nilipofikia AM1, inayolisha swichi ya ufunguo, 0.09 ikaanguka hadi 0.02.

Nikafungua kifuniko cha chini ya usukani. Kwenye waya mnene wa swichi kulikuwa na kiungo ambacho hakikutoka Japani: ngozi ya waya imekwanguliwa, waya mwembamba mweusi umezungushiwa, utepe wa kitambaa juu yake. Niliufuata kwa vidole hadi nyuma ya saa ya spidi, na huko nikakuta kisanduku kidogo kama kiberiti, kimefungwa kwa utepe ule ule, kikipepesa kitaa chekundu. Traka. Mwalimu hakuwahi kuweka traka.

Traka nzuri nayo hulala gari likisimama. Hii ilikuwa na laini ya simu iliyokwisha kufungwa, basi ilikuwa ikitafuta mtandao bila kupumzika, na kifaa kinachotafuta mtandao hula umeme kuliko kilichoupata. Sikuikata. Naomba msomaji alitie hili akilini: kifaa cha namna hii kinaweza kuwa cha mkopeshaji, na kama gari bado lina deni, kukikata kunaweza kukuletea kesi ambayo si yako. Mwalimu alimpigia aliyemuuzia gari. Kumbe huyo aliwahi kuchukua mkopo kwa logbuku, akaumaliza, akapewa logbuku yake, na traka ikasahaulika ndani. Aliwasiliana na waliomkopesha, wakasema hawana haja nayo. Ndipo nikaitoa, nikafunga jeraha la ule waya. Mita: 0.02. Ukinunua gari kwa mtu hapa Kenya, muulize waziwazi kama liliwahi kuwekewa traka, na iko wapi.

Betri yake ya pili niliiokoa. Niliichaji polepole kwa ampea 4 usiku kucha, kama sehemu ya kumi ya uwezo wake, na ilishika. Ile ya kwanza haikuwa na bahati, na sababu yake inajulikana: betri ya risasi ikikaa bila chaji, salfeti ya risasi iliyo juu ya sahani hugeuka kuwa chembe ngumu ambazo chaji haiziyeyushi tena. Kila usiku inaopitisha ikiwa tupu unaikatia maisha. Kwa hiyo tatizo la waya, likiachwa, huishia kuwa tatizo la betri kweli, na yule aliyekwambia ununue nyingine anaonekana alikuwa na haki.

Wakosaji wengine nitawataja haraka. Taa ya buti: washa kamera ya simu irekodi, iweke butini, funga, fungua baada ya dakika, utazame kama ndani kulikuwa na giza. Taa ya kisanduku cha dashibodi, hali kadhalika. Relei iliyoganda, mara nyingi ya feni au ya taa, utaisikia ina joto ukiigusa. Alteneta yenye diodi inayovuja (diodi ni lango la kupitisha umeme upande mmoja tu) hurudisha umeme nyuma usiku kucha. Iguse asubuhi kabla ya kuwasha gari, na ukiikuta ina uvuguvugu ilhali injini ni baridi, umeipata. Klampu ya kupimia ampea inarahisisha kazi hiyo, lakini nyingi za bei nafuu zinapima umeme wa nyumbani tu na kwenye waya wa gari zitakuonyesha sifuri siku zote. Angalia kama yako inapima DC kabla ya kuiamini.

Na kuna uchafu. Watu hawaamini nikiwaambia kwamba vumbi lenye unyevu wa asidi juu ya betri hupitisha umeme kutoka chanya hadi hasi. Weka mita kwenye volti, ncha moja kwenye kichwa cha hasi, nyingine iburuze juu ya plastiki kuelekea chanya, na kama kuna uchafu huo utaona volti zikipanda juu ya plastiki tupu. Dawa ni magadi, yale yale ya kulainishia mrenda na kunde. Koroga kijiko katika maji ya uvuguvugu, mwagia juu ya betri vizibo vikiwa vimefungwa, kikiacha kutoa povu suuza na ukaushe. Asidi na magadi vinauana. Kwa betri yenye vizibo, maji yakiwa chini ya sahani ongeza maji yaliyotoneshwa tu, si ya bomba wala ya kisima. Hapa Kisumu, kwa joto hili la ziwani, maji ya betri hupungua haraka, na joto lenyewe huzeesha betri kuliko baridi ya Nakuru, ingawa ni baridi inayoifichua.

Kuna magari ya nyumbani, yale ambayo mwenyewe yuko Nairobi au ng'ambo na gari linangoja Desemba au matanga. Desturi ni kumwachia mlinzi ufunguo aliwashe kila asubuhi dakika tano. Kwa kweli halisaidii. Injini ikiunguruma bila mwendo, hata betri ikipata ampea 15, dakika tano ni ampea-saa 1 na robo, na gari lenye ugonjwa kama wa Mwalimu lilikuwa linakula 7. Injini nayo haipati moto wa kukausha unyevu ulio kwenye mafuta na eksozi. Kama gari litakaa zaidi ya wiki tatu, toa waya wa hasi. Saa itapotea na vioo vya kupanda kwa mguso mmoja huenda vikataka kufundishwa upya, basi. Kama hutaki kuutoa, paneli ya sola ya wati 10 pamoja na kidhibiti chake, iliyowekwa juani, inatosha kumlisha anayekesha. Unapotoa waya, anza na hasi. Unaporudisha, malizia na hasi. Na usivute sigara karibu na betri inayochaji, kwani inatoa hidrojeni.

Magari ya ufunguo wa mfukoni yana lao jambo. Ufunguo ukining'inia ukutani mita mbili kutoka kwa gari, gari na ufunguo vinaweza kukesha vikizungumza, na betri zote mbili zikaisha. Upeleke chumbani.

Nilidhani hilo ndilo lililokuwa likiisumbua Mazda Demio iliyo uani kwetu wiki hii. Inakufa usiku mmoja, inapona usiku tatu. Ufunguo tumeupeleka mbali na bado. Mchana inalala vizuri kabisa, 0.03, ukiitazama huoni kosa. Jana niliiacha ilale kwanza, kisha nikaweka mita kwenye MIN MAX na kwenda nyumbani. Asubuhi nilikuta cha chini 0.03, cha juu 0.85. Kuna kitu kiliamka usiku na kulala tena. Mwenye gari anasema mlango wa nyuma siku hizi lazima aubamize ndipo taa ya mlango izimike, na nadhani swichi iliyo ndani ya kufuli yake inaachia na kushika yenyewe, gari likidhani mlango umefunguliwa. Leo jioni nitaitoa plagi ya kufuli hiyo na kuiacha mita tena. Kesho asubuhi ikisoma 0.03 juu na chini, ninaagiza kufuli.